Kigae cha Njia Panda

Ikolo, Alhamisi, tarehe 5 Desemba 1912

Kwa kaka yangu mpendwa Asegelile, huko Tanga.

Ugonile, kaka. Nakusalimu kwanza kwa salamu aliyotufundisha mama, ndipo nikusalimu kwa salamu ya kanisa: amani ya Bwana iwe juu yako, juu ya shemeji yangu, na juu ya wana na wajukuu wako wote. Je, kifua chako kimepona? Uliandika kwamba upepo wa bahari unakukohoza alfajiri. Hapa kwetu sote tu wazima, isipokuwa kidole kikubwa cha mguu wangu wa kulia, ambacho tangu mwezi wa saba hakina hisia hata nikikigonga jiweni. Sababu yake utaikuta katika barua hii.

Mvua zimeanza, na mpunga wa mabondeni umekwisha kupandwa. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Kaburi la mama nimelipalilia mwenyewe, na migomba uliyoipanda mwaka ulioondoka sasa ni shamba zima. Tunakula ndizi zake na kulitaja jina lako.

Naandika kwa Kiswahili, wala si kwa lugha yetu, kwa maana umenieleza kuwa wajukuu wako hawaijui. Nataka wasomewe maneno haya nao. Kwa hiyo nitaeleza mambo ambayo wewe unayajua tangu utoto. Univumilie.

Barua yako ilinifikia Jumapili ya pili iliyopita. Niliona katika mwandiko wako kwamba mkono ulikuwa na hasira. Umesema ulisikia bandarini, kwa mpagazi aliyetoka huku, kwamba mkamwana wangu Tusekile aliniasi katika milima ya Ukinga mbele ya msafara mzima. Kwamba aliketi njiani kama punda aliyechoka, kisha akanitazama usoni na kunisemesha, na kesho yake akatembea mbele yangu. Umeniagiza nimtoze baba yake ng'ombe mmoja, na nisimruhusu kuikaribia meza ya Bwana mpaka apige magoti mbele ya watu na kuomba radhi.

Kaka, hukuwa peke yako. Wazee wenzangu wa kanisa wanasema hivyo hivyo. Jumapili hii, baada ya ibada, baraza litakaa juu ya shauri hilo. Mchungaji amesema ni jambo la desturi zetu, basi tulimalize wenyewe. Tusekile ameambiwa achague: apige magoti, au atengwe na ushirika. Amejibu kwamba hatapiga magoti. Mwenye kiti cha baraza hilo ni mimi. Nimeliahirisha mara mbili, na watu hudhani ninafanya hivyo kwa huruma. Sasa soma jinsi mambo yalivyokuwa.

Mwezi wa sita zilitufikia habari kwamba ndugu zetu waamini wa Ukinga wamepatwa na njaa. Baridi iliua njegere zao na ulezi wao katika usiku mmoja. Kanisa letu likakata shauri kuwapelekea mpunga, na usipa, wale dagaa wetu wa ziwani waliokaushwa. Tukawa watu kumi na wanne, wanaume kumi na wanawake wanne, kila mtu na mzigo wake kichwani. Mimi nilipewa uongozi.

Hapa wajukuu wako waelewe jinsi sisi tulivyolelewa. Mvulana wa kwetu hakui katika nyumba ya baba yake. Hujenga kijiji pamoja na rika lake, hula nao, hulima nao, na kuzeeka nao. Tunaliita jambo hilo ukwangala, yaani kuwa pamoja kwa wema, kucheka pamoja, kukubaliana. Alaye peke yake ni mtu mbaya. Naye anayewapinga wenzake, wazee walisema pumzi za wenzake humwendea kama upepo wa baridi, naye huugua. Sisi tulibatizwa, kaka, lakini hofu hiyo tuliingia nayo majini na tukatoka nayo.

Tena waelewe jambo la mkwe. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala hamsemeshi. Akimwona anakuja, huacha njia na kujificha majanini mpaka apite. Hata jina lake halitaji. Baba mkwe naye hugeuza uso. Miaka minne Tusekile alikuwa mke wa mwanangu Ambilikile, na katika miaka hiyo sikuwahi kuisikia sauti yake isipokuwa kanisani, ndani ya wimbo, nayo imechanganyika na sauti nyingine. Kama ungeniuliza sura yake, ningekueleza mgongo ulioinama.

Na huyu Tusekile si wa kwetu wa migombani. Ni Mkisi wa ufukweni, katika watu wa uvuvi na ufinyanzi. Tangu akiwa binti mdogo alipanda milima ya Ukinga pamoja na bibi yake, vyungu kichwani, kwenda kubadilisha kwa majembe. Katika kundi letu zima yeye peke yake alikuwa amewahi kuvuka nyika ile ya juu. Kwa hiyo Ambilikile alipendekeza kwamba mkewe atangulie na kutuonyesha njia.

Wenzangu wa rika walicheka hadi machozi. Unamkumbuka Gideoni, yule mwenye maneno. Aliuliza: je, baba mkwe atamfuata mkamwana huku akitazama kisogo chake siku tano? Au tumfunge mzee Zebedayo kitambaa machoni, tumvute kwa kamba kama mbuzi wa sadaka? Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ikaamuliwa kwamba mimi nitangulie, na Tusekile afuate nyuma kabisa, kona moja ya njia nyuma ya mtu wa mwisho, nisije nikamwona. Hivyo mtu pekee aliyeijua njia tulimweka mahali asipoweza kuiona mbele yetu.

Siku ya kwanza tulilala Matema. Siku ya pili na ya tatu tulipanda. Mlima ule, kaka, magoti yanagusa kidevu. Tulipofika kwenye msitu wa mwisho, chini ya nyika, Tusekile alikusanya kuni, akafunga tita zima juu ya mzigo wake. Gideoni alipiga kelele kutoka mbele, akiuliza ni nani huyo apelekaye kuni milimani, na kwamba kesho atawasikia Wakisi wakipeleka maji ziwani. Watu wakalirudia neno lile njia nzima. Mle msituni hapakuwa na mtu mwingine aliyechukua hata kijiti, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa anachukua.

Mzigo wake, uujue, ulikuwa mpunga wa mbegu uliotiwa ndani ya chungu kikubwa. Chungu hicho alikifinyanga mwenyewe na kukichoma mara ya pili baada ya cha kwanza kupasuka. Kilikuwa zawadi kwa kanisa la Ukinga, kitiwe maji ya ubatizo.

Siku ya nne, karibu na adhuhuri, tukafika njia panda. Nyika ile ni majani matupu, hakuna mti, hakuna moshi, na upepo wake unapenya hadi kwenye mifupa. Njia moja ilikuwa pana, imekanyagwa vizuri, nayo ilishuka polepole kwenda kulia. Ya pili ilikuwa nyembamba, ikipita kati ya mawe upande wa kushoto. Mtu angeweza kudhani ni njia ya panya.

Gideoni akapiga magoti kwenye ile pana. Akapima nyayo za kwato kwa kiganja chake, akainuka na uso wa sikukuu. Alisema ni ng'ombe, tena wengi, tena wakubwa; na penye ng'ombe pana watu, na penye watu pana moto na maziwa. Unatujua sisi, kaka. Ukimwonyesha mtu wa kwetu kwato, umemwonyesha nyumbani. Nami nikauliza kama tunavyouliza daima, je, ndugu, ndiyo hii? Kabla sijalimaliza neno wakaitika wote kwa pamoja kwamba ndiyo hii. Nikatamka kwa sauti kuu kwamba tutafuata njia ya kulia.

Ndipo Ambilikile akaja mbio kutoka nyuma. Alisema mkewe anauliza kama tumefika kwenye jiwe lililo bapa kama meza. Tukaona kweli lipo, nami nilikuwa nimesimama juu yake ili nionekane na watu. Alisema mkewe anatuma neno, kwamba wachukuzi wa vyungu huweka kigae chekundu cha chungu kilichovunjika juu ya jiwe hilo, upande wa njia iliyo salama, na kwamba upande huo ni wa kushoto. Akaniomba nitazame.

Nilitazama, nikasema sioni kigae. Wengine wakatazama kutoka walipokuwa wamesimama, wakasema nao hawaoni kigae. Gideoni akasema labda panya wa njia ile wamekila.

Ambilikile akarudi nyuma, kisha akaja tena, na safari hii hakukimbia. Alisema mkewe amejibu kwamba, kama kigae hakipo, njia bado ipo. Na kwamba yeye haendi kulia. Ataketi hapo kwenye jiwe na mzigo wake mpaka tutakaporudi.

Fikiri, kaka, jinsi neno lile lilivyoangukia masikioni mwetu. Mwanamke, tena mgeni wa ukoo, tena mkamwana wa mkuu wa msafara! Mmoja alisema hilo ndilo tunda la kuoa mchuuzi wa vyungu. Mwingine alisema kichwa kilichozoea kubeba udongo huwa udongo. Gideoni akasema aachwe aketi, kwa maana ukaidi wa mwanamke hauna blanketi. Kabla jasho halijamkauka yeye mgongoni tutamwona akija mbio na kulia. Mwanangu alisimama katikati ya njia, akitazama huku na huku. Nikamwamuru achague kuwa pamoja na ndugu au kuwa na mtu mmoja mkaidi. Akainamisha kichwa, akatufuata. Nimelikumbuka agizo langu hilo kila siku tangu hapo.

Tukatembea kulia. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri, maana njia ilikuwa laini na watu walitaniana. Kisha ukungu ukashuka, si kama ule wa ziwani unaoondoka jua likipanda, bali kama mlango unaofungwa. Kwato zilizokuwa mamia zikaanza kutawanyika, nyingine huku, nyingine kule. Ardhi ikawa laini, kisha ikawa inatikisika. Tulikuwa tumefuata wanyama waendao kunywa maji. Zile hazikuwa kwato za ng'ombe, kaka. Zilikuwa za pofu, mnyama wa porini mkubwa kama fahali, asiyekuwa na mchungaji wala zizi.

Mika, mwenzetu mkongwe kuliko wote, akazama katika kinamasi hadi kiunoni. Tulimvuta kwa nguo zetu zilizofungwa pamoja, akatoka bila mzigo wake, midomo ikiwa ya kijivu. Tukageuka kurudi, lakini hapakuwa na mahali panapoitwa nyuma. Tulipita mara mbili penye shimo lile lile alimozama Mika. Hakuna kuni. Hakuna jiwe la kujikinga. Sisi watu wa joto, tunaolala milango wazi, hatukujua hata namna ya kuogopa baridi ile. Nikasema tuimbe tusipoteane. Tukaimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zetu zote, kila mtu akishika nguo ya mwenzake. Bwana anisamehe nikisema kwamba wimbo ule ulikaribia kutuua. Tuliuimba kwa muda mrefu na kwa umoja mkubwa, hata hakuna aliyeweza kusikia kitu kingine chochote.

Ulikatika kwa sababu meno ya Mika yaligongana, hakuweza tena kutamka, na sisi tukanyamaza tumtazame. Katika kimya kile tukasikia mlio, mbali, upande ambao hakuna hata mmoja wetu angeuchagua. Ulikuwa mlio mkavu na wa wazi: mara tatu, halafu kimya, mara tatu, halafu kimya. Ambilikile akalia kwa sauti kama mtoto. Alisema ni chungu. Wafinyanzi wakitaka kujua kama chungu ni kizima hukigonga na kusikiliza, na yeye alikuwa amelisikia pigo la mkono ule uani kwake miaka minne. Hakutuuliza kama tunakubali. Alitushika, akatuvuta.

Tulitembea kuelekea mlio, mimi nikichechemea, kwa maana kidole kikubwa cha mguu wangu wa kulia kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Ulipopotea tulisimama, uliporudi tulikwenda. Mwishoni ulibadilika, ukawa mzito na mbovu, na nikajua kwamba chungu kimepasuka. Hata hivyo haukukoma. Jua lilikuwa halijatua bado tulipouona moto wake. Lile tita la kuni tulilolicheka lilikuwa likiwaka kando ya jiwe bapa, naye amesimama karibu nalo, ukuni mmoja mkononi, vidole vimechubuka, chungu cha ubatizo miguuni pake kimevunjika vipande.

Desturi ilimtaka akimbie ajifiche nilipotokea. Hakukimbia. Alinitazama. Kisha, mbele ya watu wote, akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo wetu. Aliniita baba, akasema: "Tata, sogea motoni. Ila mguu huo usiusogeze haraka."

Hayo ndiyo maneno ambayo watu wanataka apige magoti kwa ajili yake.

Tulimzunguka Mika tukimsugua mpaka damu ikarudi. Na tulipokuwa tumeketi, jambo la ajabu likatokea. Mika alisema kwamba pale mwanzo wa njia aliona kinyesi, nacho kilikuwa cha punje punje kama cha mbuzi, wala si cha ng'ombe. Lakini aliona wote wamefurahi, akaona haya kuwaharibia furaha. Mwingine akasema naye alikiona. Mwingine akasema alishangaa kwamba hakusikia hata ndama mmoja akilia. Gideoni mwenyewe, huku macho yakiwa motoni, akasema kwato zile zilimtia shaka alipozipima mara ya pili, ila alikuwa amekwisha kutaja maziwa. Watu kumi na watatu, kaka! Wengi wetu tulikuwa na shaka moyoni, na kila mmoja aliingia kinamasini kwa kuwaheshimu wengine. Nilipofikiwa na zamu nilisema kwamba nami nilikuwa na shaka kidogo. Kumbuka neno hilo, kidogo.

Asubuhi majani yote yalikuwa meupe na magumu kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Tusekile alichukua kigae kimoja cha chungu chake, akakiweka juu ya lile jiwe, upande wa kushoto. Mpunga wa mbegu aliufunga katika kanga yake. Akajitwika, akatangulia. Siku nzima nilimfuata. Niliuona mgongo wake, nao haukuwa umeinama hata kidogo. Jioni tukafika.

Waamini wa Ukinga walitupokea kwa machozi. Watoto wao walikula usipa mkavu bila kungoja upikwe. Mzee wao aliuliza ni nani aliyetuongoza katika ukungu wa namna ile, nao ukungu umeua watu wengi. Gideoni akajibu upesi kwamba mzee wetu Zebedayo alituombea, na Bwana akafungua njia. Wote wakaitika kwamba ndivyo. Niliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Tuliporudi Ikolo habari zilikuwa zimekwisha kuwa moja. Katika vinywa kumi vya wanaume hapakuwa na kuni, wala chungu, wala mlio. Palikuwa na maombi ya mzee, na ukungu ulioinuka. Vijana wametunga hata wimbo. Na chungu kilipoondolewa katika habari, ikabaki nini juu ya Tusekile? Ikabaki kwamba aliketi njiani, akamtazama baba mkwe, akamsemesha, akamtangulia. Mtoto wake alipopata homa mwezi wa tisa, watu walisema ni pumzi za watu zinamrudia. Mtoto amepona, lakini neno halijapona.

Wazee walimwita mwezi wa kumi. Walimtaka akiri kiburi chake. Alisimama, nasikia, maana mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya pazia kwa ajili ya desturi ile ile, nikaisikia sauti yake wazi kabisa. Alisema ataomba radhi kwa Mungu kwa ajili ya chungu, kwa sababu kilikuwa cha ubatizo naye alikivunja. Kuhusu njia, hana la kuombea radhi. Wakamuuliza ana shahidi gani wa hicho kigae anachokitaja daima. Walimuuliza mara tatu, naye mara tatu akanyamaza. Wakaandika kwamba ameshindwa kujibu.

Sasa, kaka, nimefika mahali ambapo kalamu ni nzito kuliko mzigo wa mpunga.

Kigae kilikuwapo.

Nilikuwa nimesimama juu yake. Mwanangu alipoleta lile neno, nilikihisi chini ya wayo wangu wa kulia, kipande cha udongo, ukubwa wa nusu kiganja. Nilitazama chini nikauona ukingo wake mwekundu ukitokeza kando ya kidole changu kikubwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mguu tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kutangaza, na rika langu lilikuwa limekwisha kuitika, na Gideoni alikuwa amekwisha kucheka. Nikajiona nikigeuza watu kumi na watatu kwa neno la mkamwana, nikaona aibu. Nikasogeza kidole, nikakifunika. Nikasema sioni kigae. Hakuna aliyeweza kumwambia mkuu wa msafara ainue mguu wake. Watu walipopita wote nikainama kama mtu atoaye mwiba mguuni, nikakiokota, nikakitia mkobani, ili Tusekile atakapofika pale asikikute.

Mtu anayehubiri juu ya njia mbili alifanya hivyo. Na Bwana, aliye mwingi wa rehema, hakuchukua maisha ya mtu hata mmoja kwa ajili ya dhambi yangu. Alichukua hisia za kidole kimoja tu, na alijua ni kipi.

Bado sijamaliza. Asubuhi ile Tusekile alipokwenda kuweka kigae kipya, niliona alivyosita. Jiwe lile limefunikwa na ukoga wa kijivu wa miaka mingi. Lakini upande wa kushoto palikuwa na alama safi, nyekundu, yenye umbo la kitu kilichokaa hapo muda mrefu na kuondolewa jana. Aliitazama alama. Akautazama mguu wangu uliofungwa kitambaa, kwa maana mumewe alikuwa amemweleza niliposimama. Akanitazama uso. Kisha akakiweka kigae chake juu ya alama ile, kikaifunika barabara, akajitwika mzigo wake.

Anajua, kaka. Amejua miezi mitano. Hakumwambia mumewe, kwa maana nimemchunguza mwanangu nikaona hajui. Wazee walipomuuliza shahidi wake, shahidi alikuwa nyuma ya pazia, umbali wa hatua nne, naye hakuniita. Hakukubali kusema uongo ili akubaliwe na watu, wala hakukubali kuniaibisha ili aokoke yeye. Nimesoma Neno kwa miaka kumi na minane, nimezika na kubariki, na sijaona imani kama hiyo katika Ikolo yote. Najua majivuno ni dhambi. Nimeyakemea mimi mwenyewe mimbarini. Lakini juu ya mwanamke huyu ninajivuna, na sitaomba radhi. Alipokuja kwetu tulisema tumeoa udongo. Kumbe tulioa jiwe la pembeni.

Siku zote, kaka, jambo kubwa sikulifanya bila kukuuliza. Ulipokubali nilikubali, na ulipokataa nilikataa, na huo niliuita upendo wa ndugu. Kwa habari hii sikuombi shauri, wala ruhusa. Barua hii itakapokufikia, Jumapili itakuwa imepita. Nitakuwa nimetoka nyuma ya pazia, nimekiweka kigae juu ya meza ya baraza, na kuwaonyesha wenzangu mguu wangu. Kiti cha mwenyekiti nitakirudisha. Kama kuna wa kutengwa, ni mimi. Kama pumzi za watu zitanijia, na zije. Nimekwisha kuijua baridi.

Kigae kiko hapa mbele yangu ninapoandika. Kinaikandamiza karatasi isipeperushwe na upepo wa ziwa.

Msalimu shemeji yangu, na umwambie kanga alizotuma zilifika zote. Wasalimu wajukuu mmoja mmoja, na umbusu mdogo kabisa kwa niaba ya shangazi zake. Ambilikile anakusalimu. Gideoni naye alikuwa akikusalimu hadi leo. Baada ya Jumapili sijui.

Tusekile anakusalimu pia. Alipita hapa asubuhi na maji kichwani, akataka kuacha njia aingie majanini. Nilimwita kwa jina lake, nikamuuliza mwenyewe, kwa kinywa changu, nimwandikie nini kaka yangu. Akasimama. Akafikiri. Akanijibu kwa kinywa chake kwamba nikuandikie tu wazima, na njia ya kwetu ipo wazi, siku utakayotaka kurudi.

Ndaga, yaani asante, kaka. Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Zebedayo,
mzee wa kanisa, Ikolo